Sauti Tamu ya Ng'ambo ya Mto

Waliotuachia methali ya zimwi likujualo hawakuwa wakilisifu zimwi. Zimwi ni zimwi, na meno yake si ya kuchekea. Walichosema ni kwamba mtu akilazimika kufuatana na mwovu, heri afuatane na yule wanayejuana naye, kwa maana huyo atamuuma lakini hatammaliza. Wengi tunaikariri methali hii bila kuionja. Ndinda wa Kalamba aliionja, na ladha yake haikumtoka mdomoni hadi uzeeni.

Ilikuwa Septemba ya mwaka wa 1974, mwezi ambao kwa upande wa Makueni hata mbuzi hupiga hatua kwa ubahili. Mutunga, kaka yake Ndinda, alikuwa amevuka mto Athi kwenda nyika ya Kitui kurina asali katika mizinga kumi na mmoja aliyoiacha marehemu baba yao. Aliahidi kurudi siku ya nane. Siku ya nane ikapita, ya tisa ikapita, na siku ya kumi Ndinda akaacha kupika chakula cha watu wawili. Wazazi walikuwa wamekwenda wote, na mume hakuwa naye. Mutunga ndiye aliyekuwa ukoo wake wote chini ya jua. Akipotea huyo, Ndinda angebaki kama jiko lililosaliwa na figa moja.

Kanisa lilijitolea kumtafuta. Wanaume sita waliondoka wakiongozwa na Mwangangi, mwalimu wa kwaya. Mwangangi alikuwa kipenzi cha watu. Akikusalimu asubuhi, unashiba mpaka saa nne. Walirudi baada ya siku tatu, midomo imepasuka, bila Mutunga. Mwangangi akamweleza Ndinda kwamba walimwita ndugu yake kwa jina naye akaitika. Walimsikia wote sita, saa sita mchana, jua likiwa la utosi, akiwaambia, "Ndugu zangu, njooni, niko hapa karibu." Wakaifuata sauti. Ikawa mbele yao kila mara, umbali wa kutupa jiwe, hadi jua lilipopinduka wakajikuta wamesimama juu ya nyayo zao wenyewe.

Wazee waliokuwepo waliinamisha vichwa. Warina asali wa sehemu ile walikuwa na mwiko mmoja: ng'ambo ya mto hakuna kuitana majina. Watu walipigiana mluzi tu, kwa kuwa jina likitamkwa kule, nyika hulishika ikalitumia. Mwangangi aliujua mwiko huo tangu utotoni, lakini aliutupa siku aliyobatizwa, na aliona aibu kupiga mluzi kama mchunga mbuzi mbele ya waumini wenzake.

Ndinda hakukwama kwenye mwiko. Alikwama kwenye neno moja.

"Aliwaita ndugu zangu?" akauliza. "Kwa upole?"

Mwangangi akajibu kwamba ilikuwa kwa upole mno, kama malaika. Mutunga alikuwa mtu wa maneno makali. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita mtu kwa upole, na mchumba wake alimkimbia kwa sababu hiyo hiyo.

Ndinda akaamua kwenda mwenyewe, akapiga hesabu ya maji. Punda wake angebeba maji ya watu wawili kwenda na watatu kurudi, hakuna zaidi. Kwa hiyo angeweza kufuatana na mtu mmoja. Mwangangi, kwa moyo wake mwema, akajitolea kurudi naye. Ndinda akamshukuru, kisha akateremka mpaka nyumba ya Kiilu, akabisha.

Hakuna aliyempenda Kiilu, na yeye hakuwahi kuomba kupendwa. Alikuwa jirani yao wa upande wa chini, mzee wa miaka hamsini na kitu, mrina asali hodari mwenye ulimi wa upupu. Alikuwa amemshtaki baba yake Ndinda kwa chifu mara nne juu ya mpaka wa shamba. Hata mazishini alifika, akala, akasema mbele ya wafiwa kwamba angalau sasa mikonge ya mpakani itaacha kutembea. Ndinda hakuwa amesikia jina lake likitoka kinywani mwa mzee huyo hata siku moja. Kwake aliitwa binti wa mwizi.

Kiilu alimsikiliza bila kumpa kiti. Kisha akataja ujira wake: mizinga yote kumi na mmoja.

"Yote, mzee?"

"Yote. Tukimpata yeye au tukipata mifupa."

Machozi ya hasira yalimlenga Ndinda, kwa sababu mizinga ile ndiyo alama pekee ya baba yake iliyobaki duniani. Hata hivyo alikubali. Habari ilipoenea, watu walimwona amerukwa na akili, na Mwangangi akaja kumuuliza alikuwa amemkosea nini.

"Hujanikosea, mwalimu," Ndinda akamwambia. "Wewe ni mwema kwa kila mtu. Nikisikia sauti yako njema kule, nitajuaje kama ni wewe? Kiilu namjua. Najua ataniuma wapi, naye anajua nalia wapi."

Walivuka Athi alfajiri, maji yakiwa ya vifundo vya miguu. Kiilu alilalamika tangu ukingoni. Alilalamikia mwendo wa punda na namna Ndinda alivyofunga mizigo, na hata uji wake, ambao alisema ungeweza kuziba ufa wa ukuta. Ndinda alipiga moyo konde. Kila neno la mzee lilimchoma mahali alipopajua, na ajabu ni kwamba kupajua kulimpa nguvu ya kutembea.

Siku ya pili, jua lilipofika utosini, nyenje walinyamaza. Wote, kwa mara moja. Ndege nao wakanyamaza, na punda akasimama, masikio mbele. Ndipo Ndinda aliposikia wimbo wa kanisani ukiimbwa taratibu kati ya miiba. Ilikuwa sauti ya Mwangangi, na vile alivyozoea kuburuta mwisho wa kila ubeti. Lakini Mwangangi walikuwa wamemwacha Kalamba, safari ya siku mbili nyuma yao.

Kiilu akatema mate.

"Huyo aliacha jina la mtu hapa, na sauti yake ikabaki," akasema. "Vuta punda."

Siku ya tatu walifika kwenye mizinga ya kwanza. Kiilu akamwamuru Ndinda ashike kamba asisogee, yeye akaenda kukagua miti. Nyenje wakanyamaza tena. Ndinda akasikia nyuma yake kikohozi cha Kiilu, kile kile kikavu cha mtu wa ugoro.

"Ndinda," sauti ikasema. "Ndinda, binti yangu, umechoka. Umebeba mengi peke yako tangu baba yako afe, na hakuna aliyekupa pole. Njoo huku kivulini, upumzike."

Moyo wa Ndinda ulipasuka. Miaka sita alikuwa amengoja mtu amwambie maneno hayo, na sasa yalikuja kwa sauti ya adui yake. Alilia. Kamba ikamponyoka mkononi. Akageuka, akaona kivuli kikubwa cheusi chini ya kichaka, cha kutosha watu kumi, akapiga hatua mbili kukifuata kabla ya kukumbuka kwamba jua lilikuwa utosini. Nyika nzima haikuwa na mti wenye kivuli saa ile, hata yeye mwenyewe alikuwa amekikanyaga chake chini ya nyayo.

Tena, Kiilu? Binti yangu?

Akasimama palepale. Hakuitika. Alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi, na mluzi ukajibiwa kutoka upande mwingine kabisa, ukifuatwa na matusi.

"Nilikuambia ushike punda, binti wa mwizi. Maji yakimwagika utakunywa mkojo wake?"

Ndinda hakuwahi kusikia maneno matamu kuliko hayo. Alipotazama tena kichakani, kivuli hakikuwepo. Akamsimulia Kiilu yote.

"Iliniiga vizuri?" mzee akauliza.

"Vizuri sana, mzee. Ila ilikuwa na huruma."

"Basi bado hainijui," Kiilu akasema. Akaeleza kwamba kama Mutunga yu hai, amesikia sauti za aina hiyo kwa siku nyingi na masikio ameyaziba. Sauti ya dada yake ndiyo hasa asingeiitikia. Alihitaji kuitwa na kitu ambacho nyika haiwezi kukibuni.

Akapanda juu ya kichuguu, akajaza kifua. "Wewe mla mpaka!" akanguruma. "Baba yako alihamisha mikonge gizani kama fisi, nawe ni mtoto wa fisi. Shamba lile ni langu mpaka kwenye jiwe na kupita jiwe!"

Ndinda alihesabu pumzi zake. Kisha kutoka kwenye korongo la mchanga, hafifu kama kukwaruza kibuyu kikavu, ikaja sauti iliyojaa hasira.

"Mpaka ni jiwe, mzee mwongo wewe. Kamuulize chifu."

Ndinda alicheka na kulia kwa pamoja, akakimbia. Mutunga alikuwa amelala chini ya ukingo wa korongo, mguu umevunjika. Aliteleza juu ya mti akishusha mzinga wa pili, kwa maumivu akalitaja jina la dada yake, akajiburuta hadi pale, akachimba mchanga kwa mikono akapata maji ya kulowesha ulimi, na asali ya ule mzinga ikamweka hai. Kila siku jua likisimama utosini alikuwa akimsikia Ndinda akimwita kwa mapenzi kutoka vichakani, naye akauma mdomo asiitike. Kwa hiyo dada yake alipomwinamia, alimtazama kwa hofu, akajivuta nyuma. Hakumwamini mpaka Ndinda alipomgombeza kwa kulichana shati lake la kanisani.

Wakamfunga mguu kwa vijiti, wakampakia juu ya punda. Kiilu alilalamikia harufu yake njia nzima.

Walifika mtoni siku ya tatu ya kurudi, mchana ule ule wa jua la utosi. Ndinda na punda walikuwa wamekwisha kanyaga ukingo wa Makueni alipogundua kwamba hasikii tena manung'uniko nyuma yake. Akageuka. Kiilu alikuwa amesimama katikati ya maji, mgongo ameugeuzia nyumbani. Na kutoka ukingo wa Kitui, Ndinda akaisikia sauti ya marehemu baba yake.

"Kiilu, rafiki yangu. Tuligombana bure. Rudi tuketi, tusameheane."

Uso wa mzee ulikuwa umelegea kama wa mtoto anayesinzia. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele, na mguu mmoja ulikuwa tayari umeanza kurudi. Ndinda akafahamu, kwa uchungu uliomshangaza, kwamba hata Kiilu alikuwa na maneno aliyoyangoja miaka yote. Angeweza kumwacha aende. Mizinga kumi na mmoja ingebaki yao, na Kalamba nzima isingemlilia. Wazo hilo lilimpitia, naye aliona haya nalo mpaka kufa.

"Wewe mzee mchoyo," akamwita kwa sauti ya juu. "Unaogopa kuja kushindwa kesi mara ya tano? Baba alikushinda akiwa hai, na jiwe litakushinda akiwa amekufa."

Kiilu alishtuka kama aliyemwagiwa maji. Alimgeukia Ndinda kwa macho makali. "Hakunishinda," akasema, akauvuka mto akibishana, kesi moja baada ya nyingine, mpaka akafika upande wa nyumbani. Hakusema asante.

Mwangangi, aliposimuliwa wimbo ambao Ndinda aliusikia nyikani, hakuimba tena peke yake tangu mwaka ule. Aliimba ndani ya kwaya tu, na kwa sauti ya chini.

Kiilu naye hakusamehe ujira wake. Kabla ya mwezi kwisha alivuka na patasi, akafuta alama ya baba yake Ndinda kwenye mizinga ile na kuchonga yake. Mutunga, mguu ukiwa ndani ya plasta, alitukana mpaka sauti ikakauka. Lakini mizinga aliyoichukua mzee ilikuwa kumi. Alipoulizwa sokoni kuhusu wa kumi na mmoja, alisema ulioza na kuliwa na mchwa, na kwamba yeye si mjinga wa kubeba magogo ya wezi.

Mwaka uliofuata Ndinda na ndugu yake anayechechemea walivuka mto, wakipigiana mluzi. Waliukuta ule mzinga wa kumi na mmoja kwenye mti wake. Haukuwa na mchwa. Ulikuwa mzito kwa asali, mfuniko wake umefungwa upya kwa kamba mbichi, na ubavuni ilikuwepo alama ya baba yao, haijaguswa.

Ndinda aliweka kibuyu cha asali ile juu ya jiwe la mpakani, akaondoka bila kuita mtu. Asubuhi hakikuwepo. Jumapili Kiilu alimpita njiani, akanung'unika kwamba binti wa mwizi hajui kurina, asali yake inanuka moshi. Ndinda aliitazama migongo ya wale waliomwonea huruma kwa mizinga kumi aliyopoteza, akamtazama Mutunga akichechemea mbele yake akimtukana punda, akacheka peke yake barabarani. Mzee alikula, tena alikula akashiba. Lakini kaka alibaki, na mzinga wa baba ulibaki. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.