Mtu wa Tumpe Asiyepita Getini

Alfajiri moja mvua ya mawe ilimwagika huko milimani, ikafunika njia ya magari ya Bwana Luvanda mpaka magotini. Washenga wa binti yake walikuwa wafike adhuhuri. Akamwita jirani yake Tumpe, mjane aliyechota maji kwenye bomba lake.

"Mama, barafu hii iondoke kabla wageni hawajafika, la sivyo bomba nalifunga. Koleo sitaki, litanivunjia vigae. Chumvi itaniulia maua. Maji ya moto yataganda, iwe utelezi juu ya utelezi."

Tumpe alitazama huku na huku, macho yakatua kwenye uzio mrefu wa misonobari upande wa mashariki, uliotenga kiwanja hicho na bustani yake.

"Ninaye mtu wangu, baba. Koleo hashiki, chumvi hatumii, malipo hataki. Ila getini hapiti. Atapitia pale kwenye uzio, na ni mpana."

"Mpana kiasi gani?"

"Uzio wote ukatwe, uishie kiunoni."

Miaka mitatu Bwana Luvanda hakutaka uzio ule uguswe hata jani. Lakini washenga ni washenga. Vibarua wake wakashika mapanga.

Kufika saa sita, barafu yote ilikuwa maji mferejini. Bwana Luvanda alisimama juu ya vigae vikavu.

"Huyo mtu wako mbona simwoni?"

Tumpe akanyoosha kidole juu, kwenye jua.

"Yule pale. Akimaliza kwako, alasiri atavuka uzio aje kwangu. Njegere zangu zimemsubiri miaka mitatu."