Risasi ya Saba Haikulia

Ketini, wapendwa. Ketini tu. Hata mimi ningekuwa na kiti hapa mbele ningeketi. Wiki hii nimepatanisha watu mara tatu, na wale wa mara ya tatu walikuwa ni wale wale wa mara ya kwanza. Kwa hiyo leo sina sauti ya kupaza. Nitawapa mfano mmoja, tena wa bunduki, na msishtuke. Aliyenieleza mambo yake ni mzee wetu mmoja humu kanisani, mstaafu wa kulinda wanyamapori. Nikikosea jina la kifaa, baba, unisahihishe nje.

Walikuwapo watu wawili waliokua pamoja tangu shule ya msingi. Mmoja alipooa, mwenzake ndiye aliyemsimamia harusini. Walikuwa na mchezo walioupenda kuliko mpira, nao ni kulenga shabaha. Si kuwinda, hapana. Walikuwa wanachama wa klabu, wana vibali, Jumamosi asubuhi wanakwenda uwanjani. Bunduki nzito inalazwa juu ya meza ya saruji, imeegemea mifuko ya mchanga, na kule mbali kuna karatasi. Sifa yao si nguvu. Sifa yao ni risasi tano zipite katika tundu moja. Tano, tundu moja! Ukiona karatasi ya bingwa utadhani alipiga mara moja akaenda kunywa chai.

Sasa watu hawa hawanunui risasi iliyokwisha kutengenezwa. Wanaitengeneza wenyewe. Kuna ganda, kuna baruti ndani ya ganda, kuna kichwa cha risasi juu yake. Na chini kabisa, kwenye kitako cha ganda, kuna kidude cha shaba kisichofikia punje ya mahindi. Hicho kinaitwa fataki. Ukifyatua, chuma kinagonga fataki, fataki inawasha baruti, risasi inaondoka. Na fataki ziko za kila namna, za moto mpole na za moto mkali, za kiwanda hiki na za kiwanda kile. Mpenzi wa mchezo huu anaweza kumaliza mwaka akichagua fataki, kama mama mkwe anavyochambua mchele wa nyumba ya mwanawe.

Klabu ile ilikuwa na desturi yake. Walishindana wawili wawili. Mmoja analenga, mwenzake anamtengenezea risasi. Mlengaji hagusi mizani ya baruti, na mtengenezaji hagusi bunduki. Wakishinda wameshinda wote, wakishindwa wameshindwa wote. Mliooa mnaujua mpango huo.

Miaka mingi wakaenda vizuri. Kisha mwaka mmoja mambo yakaharibika. Risasi mbili zinapita katika tundu, ya tatu inaanguka chini kushoto. Jumamosi iliyofuata, vivyo hivyo, moja imeanguka chini kushoto. Mlengaji akavua miwani, akamtazama mwenzake.

"Fataki hizi zina walakini," akasema.

"Basi tubadilishe," mwenzake akajibu. Wala hakubisha.

Wakabadilisha. Yule mtengenezaji akasafiri na kibali chake, akarudi na fataki za moto mpole. Chini kushoto. Akatafuta za moto mkali. Chini kushoto. Akabadilisha maganda, akabadilisha na baruti, akapima kwa mizani ya sonara mpaka macho yakawa mekundu. Chini kushoto! Mlengaji akavumbua jambo jipya.

"Wewe bwana unakula maandazi halafu unashika fataki. Fataki ikiingia mafuta, moto wake unakufa."

Na ni kweli, mzee wetu ameniambia, mafuta huharibu fataki. Ndio ubaya wa uongo tunaojidanganya nao, daima una ukweli kidogo ndani yake, la sivyo tungeutema. Basi yule mwenzake akaacha maandazi. Ndugu zangu, mtu mzima ameacha maandazi kwa ajili ya rafiki yake! Akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akanunua glavu kama za mganga wa meno, akawa anashika fataki mojamoja.

Chini kushoto.

Nawauliza ninyi ambao hamjawahi kushika bunduki. Fataki mbaya inajuaje kushoto ni wapi? Fataki mbaya ingetupa hii juu, ile chini, nyingine kulia, hovyohovyo. Hii kila siku ilirudi mahali pamoja, kama ng'ombe anayejua zizi lake. Lakini mlengaji alipoguswa kidogo tu kuhusu yeye mwenyewe, alikuwa na jibu lake tayari. "Bunduki imelala kwenye mchanga," alisema. "Mimi natumia kidole kimoja. Kosa langu litatoka wapi?" Wahenga walimjua mtu huyu zamani sana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Zikiwa zimebaki wiki mbili kufikia mashindano ya mwaka, palikuwa na mkutano wa klabu. Mlengaji akasimama mbele ya wote, akasema mwenzake anamharibia risasi. Hakuishia hapo. Akasema huenda anafanya kwa makusudi, kwa wivu, maana jina linalotajwa wakishinda ni la anayelenga. Hilo ndilo lililomuuma yule mwingine. Ubovu wa fataki angeuvumilia. Lakini "makusudi", kutoka kwa mtu uliyemshikia pete kanisani?

Akasimama naye. Halafu akasema, "Ndugu yangu, nipe Jumamosi moja. Nitatengeneza risasi kumi, uzipige mbele ya watu wote. Kosa likionekana ni langu, nitaomba radhi na sitakanyaga tena hapa."

Jumamosi ikafika. Watu wamejaa kwenye uzio. Nyuma ya meza amesimama mama mmoja, msimamizi wa uwanja, ambaye neno lake pale ni sheria. Mlengaji akaketi, akaweka bega, akapumua. Ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, chini kushoto. Akageuka akawatazama watu, kana kwamba anasema mnaona wenyewe. Akaendelea. Akafika ya saba. Akalenga, akafyatua.

Tk.

Haikulia.

Sasa iko sheria. Risasi isipolia, usifungue bunduki. Moto unaweza kuwa umechelewa njiani, ukaja kukulipukia usoni. Unakaa vilevile, mtutu ukielekea shabaha, unangoja nusu dakika.

"Tulia hapo hapo," yule mama akasema.

Akatulia. Watu wote wakanyamaza. Na katika ule ukimya kila mmoja aliona jambo ambalo kelele za bunduki zilikuwa zimelificha mwaka mzima. Mtutu ulikuwa umeinama. Baruti haikuwaka, mlipuko haukuwapo, hakuna kilichoisukuma bunduki ile. Ni mkono wa mwenyewe. Ulikuwa unaogopa kishindo, ukakitangulia, ukaruka na kuvuta. Na siku hiyo kishindo hakikuja, ukabaki umeshikwa katika kazi yake. Mfuko wa mchanga umebonyea upande mmoja, na mtutu unatazama chini kushoto.

Nusu dakika nzima, wapendwa. Mungu akupe nini zaidi? Ushahidi uko mkononi mwako, bado umeushika, na hakuna anayekupigia kelele.

Nusu dakika ikaisha. Mwenzake akasogea, akaitoa risasi ile, akaiweka kiganjani, akasema kwa sauti ya chini ili watu wa uzioni wasisikie. "Hii niliiua mwenyewe. Haina baruti, na fataki yake ilikwisha kupigwa jana. Mama msimamizi anajua, nilimwambia asubuhi. Sikutaka kukuaibisha. Nilitaka tu uuone mkono wako. Ni ugonjwa unaopona, ndugu yangu, nitakaa na wewe tuufanyie mazoezi."

Mnajua yule bwana alijibu nini?

Aliruka kutoka kwenye kiti, akainyanyua ile risasi juu, akawapigia kelele watu wa uzioni. "Mmesikia? Amekiri! Kwa kinywa chake amekiri kwamba ameniwekea fataki mbovu!"

Mnacheka. Chekeni tu. Mimi nilipoutunga mfano huu nilicheka pia, kisha nikaacha.

Yule mwenzake akavua glavu, moja, halafu nyingine, akaziweka juu ya meza ya saruji. Akasema neno moja tu, "Nimechoka." Akaenda zake nyumbani. Na siku ya mashindano mlengaji alifika mapema kuliko wote, na kopo lake lina fataki zilizochaguliwa vizuri kuliko za mtu yeyote, lakini desturi ya klabu inataka wawili. Hakupata wa pili. Nani angekubali? Yule mama msimamizi akaita majina ya wote, lake hakuliita. Akakaa na kopo lake magotini hadi jioni. Mchagua jembe si mkulima.

Sasa tuje kwetu sisi. Na ninaposema sisi, naanza na huyu aliyevaa joho. Mimi katika kanisa hili nimebadilisha walimu wa kwaya watatu. Nimebadilisha spika. Mwaka juzi mahubiri yalipokuwa hayaingii nikasema ni mabati, mvua inapiga kelele, tukachangishana tukaweka dari. Dari hiyo hapo juu, nzuri sana. Na mahubiri je? Mnanyamaza. Asanteni kwa heshima.

Sisi tumebadilisha mitaa kwa sababu majirani wabaya. Tumebadilisha wasichana wa kazi, wa nne sasa, wote wavivu, wote wana mdomo. Tumehama makanisa. Wengine tumefikiria kubadilisha hata waume. Na kila tunakofika risasi inaanguka palepale. Lini tutajiuliza ni kitu gani tunachohama nacho kila mahali?

Mimi sichoki na watu wenye mkono unaoruka. Nani wake hauruki? Ninachochoka nacho, na leo naomba niseme wazi, ni kuona mtu anaonyeshwa mkono wake kwa upendo, tena na yule aliyeacha maandazi kwa ajili yake, kisha anasimama na kupaza sauti kwamba fataki ni mbovu. Upatanisho wa tatu wiki hii ulikuwa hivyo hivyo. Sitaji majina. Wao wanajua, mmoja yuko upande huu na mwingine yuko upande ule, na katikati yao wameweka mabenchi sita.

Mungu ni mpole. Kuna siku anazima kishindo chote. Anakulaza hospitali, au anakufungia biashara, au nyumba inakuwa kimya tu ghafla kwa sababu aliyekuwa akikuvumilia ameondoka. Siku hiyo usilalamikie ukimya. Tazama mtutu.

Basi tutanyamaza nusu dakika. Mwinjilisti, tazama saa yako. Hakuna kupiga kinanda.

Imekwisha.

Sasa tutapeana amani kabla ya kwenda mezani pa Bwana. Sitaki mpungiane mikono mkiwa mmekaa. Inukeni, vukeni mabenchi, hata kama ni sita. Mpe mwenzako mkono. Mpe ule ule unaoruka, umwambie, "Ni huu."