Chumba cha Juu cha Nyumba ya Wageni

Tegeni masikio, maana mwishoni nitawadai hukumu.

Pangani palikuwa na nyumba kongwe ya wageni, ya mawe ya matumbawe na dari ya boriti za mkoko. Aliyeijenga aliacha wasia: atakayeinusuru isianguke apewe chumba cha juu, chenye roshani, akae humo maisha yake yote. Mtu mmoja tu.

Mrithi wake, Bi Mwanakheri, alipenda ving'aavyo. Akazipiga kuta saruji juu ya chokaa ya zamani, akajisifu mji mzima. Masika mawili baadaye ukuta wa mbele ukafanya tumbo, wageni wakahama.

Ndipo wakaja watu watatu waliosikia habari ya wasia, wote wamezeekea katika vyumba vya kupanga. Bi Saumu, mpishi, alinusa unyevu kabla haujaonekana. Chande, seremala, aligonga boriti kwa kidole akajua iliyooza ndani. Mbaruku, mwashi, alikuwa na subira isiyo na mfano.

Bi Saumu akaweka pua ukutani. "Bibi, ukuta umezibwa pumzi. Maji yanakimbilia kwenye boriti. Bandua saruji yako."

Mwanakheri aliona haya, lakini akaibandua.

Chande akagonga boriti moja moja. Ya kumi na saba ikajibu kama mtungi mtupu. "Tokeni nyote!" Akaweka nguzo chini yake. Alasiri ile ile boriti ikakatika, na nguzo zikaishika dari.

Mbaruku aliloweka chokaa wiki sita. Mwanakheri akamhimiza, akamlilia, hata akamtukana. "Haraka haraka haina baraka," akajibu Mbaruku, akaketi. Alipoipaka, ukuta ukashika. Masika yakapita, nyumba imesimama.

Siku ya kukabidhi ufunguo, Bi Saumu akasema, "Nisingenusa, mngetibu homa mkaacha malaria."

"Nisingegonga, ungekuwa chini ya kifusi wewe na pua yako," akasema Chande.

Mbaruku akacheka. "Na bila chokaa yangu, mngenusa na kugonga gofu."

Mwanakheri alimgeukia huyu, akamkumbuka yule. Kila aliyesema alimwona ana haki, na kichwa kikazidi kumvurugika.

"Basi gawaneni," akasihi.

"Wasia haugawanywi!" wakajibu watatu kwa sauti moja. Ndilo pekee walilokubaliana.

Wanamngoja pale ngazini, ufunguo umelowa jasho kiganjani mwake. Haya, wewe uliyenisikiliza: ungemfungulia nani mlango?