Mbeleko ya Namkunda

“Mbeleko haifungwi na mkono wa jirani.” Mmemsikia shangazi yenu akiitamka, mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Kaeni basi, na mbaazi ziendelee kuchambuliwa, maana masikio hayashiki ungo. Methali hii ilianza hivi.

Kule milimani palikuwa na kijiji cha wanawake wafinyanzi. Bibi arusi akishamaliza mavuno yake ya kwanza kwa mumewe, wanawake wa jirani walimjia asubuhi na mbeleko mpya na chungu kibichi, yaani kilichofinyangwa lakini hakijachomwa. Walimfunga chungu kile mgongoni kama mtoto, wakamtembeza kijijini kwa nyimbo. Akirudi nacho kizima, basi amekubali kuzaa, na kuanzia hapo kila mtu anamwangalia tumbo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Amuulize ya nini, na mbeleko imeshafungwa?

Mfungaji alikuwa Naetwe, mwanamke wa maneno mengi na mikono yenye nguvu. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda watoto, hasa wa wenzake.

Mwaka huo bibi arusi alikuwa Namkunda, mke wa Kiangi. Vyungu vyake vilikuwa vizuri na maneno yake machache, lakini jambo moja lilimkaa rohoni: hakujua kama anataka kuzaa. Mama yake aliugua miaka mingi, na Namkunda ndiye aliyelea wadogo zake. Alijua uzito wa mtoto mgongoni kabla hajaujua uzito wa mtungi. Alipomwambia mumewe, Kiangi alijibu, “Hata mimi sijui. Tungoje tujue.” Lakini mavuno hayamngoji mtu. Na mwanamke aliyekataa mbeleko alirudishwa kwao. Namkunda alimpenda Kiangi kwelikweli, na usingizi ulimpaa kwa hofu ya kumpoteza.

Asubuhi hiyo ikafika. Ua ulijaa wanawake, na Kiangi alikuwa amesimama mlangoni. Naetwe akamgeuza Namkunda kwa bega, akainua chungu. Namkunda akageuka tena, wakawa wanatazamana.

“Mama, naomba usinifunge,” alisema. “Sijajua kama nataka. Nikijua, nitasema.”

Nyimbo zikakatika. Naetwe akacheka kidogo. “Mwanangu, hakuna anayejua. Tukikufunga utajua.”

“Na nani atambeba?”

“Tutakusaidia. Sisi si tupo?”

Hapo mama mkwe wake, Nakijwa, akainuka kwenye kigoda. Huyu Nakijwa aliishi na watu miaka yote bila kugombana na mtu, hata kuku wake hawakuingia shamba la mwenziwe. Kwa hiyo alipofungua kinywa, watu walimsikiliza.

“Dada Naetwe,” alisema, “mimi pia ulinifunga wewe. Nilikuwa msichana, naogopa, nikakwambia naogopa. Ukasema mtanisaidia. Kiangi alipolia mpaka kunakucha, wewe ulikuwa umelala kwako. Nilimwimbia huku nimekaza meno. Nilijuta. Nimemlea, nampenda kuliko macho yangu, na nilijuta. Sijapata kumwambia mtu.”

Alisema hayo mbele ya mwanawe. Namkunda akamtazama mumewe, akaona uso wake umebadilika. Akafikiri, sasa nimeharibu kila kitu.

Kiangi akasema polepole, “Nilijua, Mama. Tangu utotoni nilijua. Nikadhani kosa ni langu.”

“Si lako, baba,” alisema Nakijwa. “Hukujifunga mwenyewe mgongoni kwangu.”

Kiangi akaenda akamshika mama yake mkono, akalia pale pale mbele ya wanawake, wala hakuona haya. Alikuwa amebeba kosa lisilo lake tangu utotoni, na sasa ametuliwa mzigo.

Nakijwa akachukua mbeleko mikononi mwa Naetwe, akaikunja, akampa Namkunda. “Hii ni yako. Mkitaka wewe na mwenzio, utaifunga. Msipotaka, futia vumbi vyungu vyako. Hapa kwangu harudishwi mtu.”

Watu wakamgeukia Naetwe, wakingoja ugomvi. Naetwe alisimama na chungu chake. Kisha akakiweka chini taratibu, akamwambia Nakijwa, “Nimefunga wengi. Kumbe sikubeba hata mmoja. Nisamehe, mdogo wangu. Mbeleko haifungwi na mkono wa jirani.”

Kigelegele cha kwanza alikipiga kikongwe mmoja pale ukutani, mwenye watoto tisa. Cha pili kikatoka kwa mwenziwe asiye na hata mmoja. Baada ya hapo ua mzima ukawaka vigelegele, na Namkunda akatembezwa kijijini akiwa na mgongo mtupu na mbeleko mkononi, akicheka huku machozi yanamtoka. Tangu siku hiyo bibi arusi wa kijiji kile hukabidhiwa mbeleko iliyokunjwa. Watu hunywa togwa, husifu vyungu, kisha huenda zao.

Unasemaje wewe mwenye ungo? Namkunda alizaa? Nilijua utauliza. Mkono wako mwepesi kama wa Naetwe. Mtu mwenyewe alishakufa zamani, wala si ndugu yako, na bado unamtafuta mgongo. Alizeeka anacheka, Kiangi kando yake. Hayo mengine yalikuwa yao wawili, na mbeleko, mjukuu wangu, haifungwi na mkono wa jirani.