Kimya cha Kuku Anayeatamia

Kaeni, ndugu zangu. Leo sitapaza sauti, na sababu yake mtaijua kabla hatujaondoka hapa.

Kulikuwa na mama mmoja aliyefuga kuchi, wale kuku wenye miguu mirefu na dharau usoni. Kuku wake mmoja akaatamia. Wafugaji mliomo humu mnajua taratibu. Mama alimweka kuku katika stoo nyuma ya nyumba, akatundika gunia dirishani ili giza liingie, kisha akatoa amri. Redio izimwe. Kinu kihamishwe, watu watwangie uwanja wa mbele. Wajukuu wasicheze mpira upande ule.

"Anayeatamia hataki mshtuo," alisema. "Akishtuka ataacha mayai, na mayai yakipoa yanaviza."

Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyesema kuku anajidekeza. Nyumba nzima ilipita karibu na stoo ile kwa ncha za vidole.

Sasa, katika nyumba hiyo hiyo alikuwamo mkamwana, mke wa mtoto wake wa kiume. Mwanamke huyo alikuwa na kipandauso. Kwa asiyekijua niseme: hiki si kichwa cha jua wala cha njaa. Kwake kilianza na vimulimuli pembeni ya jicho, kisha kikashika upande mmoja na kugonga sawasawa na mapigo ya moyo. Kikishika, mwanga unachoma. Kijiko kikigusa sufuria jikoni, yeye anakisikia ndani ya jicho. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa inamtapisha. Hospitali walimpa dawa, wakamwambia aimeze mapema, kisha alale kwenye giza na utulivu. Aliyajua mahitaji yake vizuri kuliko mtu yeyote, na hayakuwa mengi.

Siku moja kikamjia asubuhi. Alimeza dawa, akaenda kulala. Lakini dirisha la chumba chake lilitazama uwanja wa mbele, na uwanjani, chini ya dirisha hilo, ndipo kinu kilipohamishiwa. Mnaelewa? Kelele zilizoondolewa kwa kuku zilipelekwa kwake.

Akatoka, mkono umefunika jicho.

"Mama, shikamoo. Naomba kinu kipumzike kidogo. Na kama kuna gunia jingine, nitundike dirishani."

"Gunia la nini?"

"Mwanga unaniumiza, mama."

Mama mkwe akawageukia waliokuwa wakitwanga. "Mmesikia? Jua hili tunaloanikia mpunga, yeye linamuumiza!" Wakacheka. "Mwanangu, sote tuna vichwa. Mimi nimezaa saba, na hakuna aliyenizimia jua."

Alijaribu kwa mumewe. Mume hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, anayependwa na kila mtu. Akasema, "Vumilia. Nimeshawaita watu wa maombi waje wakuombee."

Wakaja. Walikuja na ngoma, kayamba na spika moja kubwa, na walikuja kwa upendo. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani walikuwa waovu. Walitaka kuifunga spika nyuma ya nyumba, kwenye kivuli. Mama mkwe akatoka mbio, mikono juu.

"Huko hapana, watumishi! Huko kuna kuku ameatamia. Njooni huku mbele."

"Tusamehe mama, hatukujua," wakasema, wakaibeba spika taratibu wakipita stoo. Wakaisimika mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

Wimbo wa kwanza ulipoanza, yule mwanamke alijikunja, akaziba masikio, akasema, "Nawaomba, nyamazeni. Nawaomba."

Kiongozi wa maombi akainua mkono. "Mmemsikia? Huyo si dada yetu anayesema. Pepo hapendi sifa! Ongezeni!"

Wakaongeza.

Akamshika mumewe upindo wa shati. "Waambie wapunguze. Wewe watakusikia."

Mume akatazama watu, akatazama chini. "Nitawaambiaje watu wa Mungu wapunguze?"

Hapa nisimame kidogo. Mtu akisema moto unamuunguza, tunaondoa moto. Akisema kiatu kinambana, tunamvua. Ni nani aliyetufundisha kwamba mtu akisema sauti yetu inamuumiza, basi ni lazima awe na pepo? Tuna ugonjwa gani sisi, hata kilio cha mgonjwa kinakuwa ushahidi dhidi yake?

Turudi kwenye mfano. Waimbaji walifumba macho kwa sala ndefu. Walipofumbua, kitanda kilikuwa kitupu.

"Pepo ametolewa!" mmoja akapiga kelele. Wakamtafuta mgonjwa jikoni, chooni, hadi kwa jirani. Mwisho mama mkwe akawaza mayai yake, akaenda stoo, akasukuma mlango.

Mkamwana alikuwa amelala sakafuni, shavu kwenye saruji yenye ubaridi, kando ya kikapu cha kuku. Na yule kuchi, aliyekuwa akimdonoa kila mtu, hata anayemletea maji, alikuwa ametulia, jicho moja wazi, kama jirani aliyempisha mwenzake kwenye benchi.

"Wewe!" mama mkwe akasema. "Umefuata nini kwa kuku wangu?"

"Mama, mlango. Mwanga."

"Na mayai yangu?"

"Sijayagusa." Mwanamke hakufumbua macho. "Mama, nihesabu na mimi yai. Leo tu."

Mama mkwe akasimama. Alitaka kumvuta mkono atoke. Lakini angemvuta, kungekuwa na purukushani, na kuku angeshtuka. Basi akarudisha mlango polepole, akawageukia waombaji waliokuwa wamejaa uani, akaweka kidole mdomoni.

"Shhh. Zimeni spika. Kuku ataacha mayai."

Wakazima, wote, pamoja na kiongozi aliyesema anayeomba kimya ni pepo. Mwanamke akalala mpaka jioni, na maumivu yakamwachia. Alipona siku ile kwa heshima ya kuku.

Mfano wangu umeishia hapo.

Niliusimulia mfano huu katika usharika mwingine. Baada ya ibada watu walinifuata mlangoni, wakanishika mkono. Mmoja akaniuliza, "Mchungaji, yale mayai yalianguliwa?" Wa nyuma yake akaniuliza hilo hilo. Na mwingine. Nilisimama mlangoni pale hadi wa mwisho akapita, nikimsubiri hata mtu mmoja aniulize yule mwanamke alikuwaje siku iliyofuata, maana kipandauso hurudi. Hakutokea.

Naona baadhi yenu mmetazama chini. Ninyi pia mlikuwa mnawaza mayai.

Basi tusimseme yule mama. Tujiseme sisi. Kanuni yote tunaijua: giza, utulivu, tusimshtue. Tunaijua tangu utotoni, na tunaitimiza bila kufundishwa na daktari, pale tunapotarajia vifaranga. Tunachokosa si maarifa. Hatuamini tu kwamba mtu anayeumwa bila jeraha anaumwa. Mkono uliovunjika tunauamini kwa sababu tunaona bandeji. Mwanamke anayesema nusu ya kichwa chake inapasuka, huku amesimama mbele yetu na uso mzima, tunamwambia anadeka, tunamwambia ana pepo, au tunamwambia avumilie. Hilo la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linasemwa kwa upole.

Na msiniambie nimepinga maombi. Ombeni. Lakini Mungu si kiziwi. Anayesikia mnong'ono wa mgonjwa kitandani hahitaji spika mlangoni. Mpelekeni mgonjwa hospitali, mpeni dawa yake kwa wakati, tundikeni gunia dirishani, hamisheni kinu, kisha kaeni chini muombe kimoyomoyo. Fanyeni hayo angali anaweza kuwashika upindo wa shati. Ziko nyumba ambazo leo zina giza la kutosha na kimya cha kutosha, kutwa nzima, na aliyekuwa akiviomba hayumo.

Humu ndani yuko mtu aliyejifunika kitenge machoni tangu wimbo wa kwanza. Simtaji. Aliyekaa naye anamjua, na amemgusa kiwiko mara mbili ili asimame aimbe. Mwache.

Fundi wa mitambo, zima spika. Zima kabisa. Walio karibu na madirisha, vuteni mapazia. Sasa tuombe, kila mmoja kwa sauti ambayo yule aliyejifunika kitenge hataisikia.