Lundo la Bi Mize

Lundo halichagui mpangaji. Mmenisikia nikimwambia shangazi yenu neno hilo, mkacheka, na sasa mnataka kujua lilikotoka. Haya, kaeni. Na wewe, weka simu chini. Chanzo chake hakichekeshi hata kidogo.

Kule Pemba, katika kijiji cha wasusi, alikuwapo mwanamke aitwaye Bi Mize Kombo. Mikeka yake ilisifika, arusini haukutandikwa mkeka mwingine. Lakini chumba chake cha vifaa, Mungu apishe mbali! Mabunda ya ukindu, yale majani ya kusukia, makopo ya rangi iliyoganda, vikapu visivyo na vitako, mikeka iliyoachwa nusu. Ukimwuliza, hujibu, "Itafaa." Tena wasusi wa pale walikuwa na mwiko wao: kazi iliyoachwa na marehemu haitupwi, wala haimaliziwi na mwingine. Bi Mize alikuwa na za mama yake, za nyanya yake na za dada zake. Lundo likafika kwenye boriti.

Na ukindu, mnajua, hunyunyizwa maji upate kulainika. Chumba kilikuwa na unyevu siku zote. Unyevu huita vyura, na vyura huita wanaowala. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na Bi Mize pia.

Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, Saumu, aliyeachika akarudi kwa mama yake. Macho ya Bi Mize yalikuwa yameanza kuingia kiza, hivyo Saumu ndiye aliyemtungia uzi sindanoni, ndiye aliyempikia, ndiye aliyemwongoza njia. Mama mtu alimpenda kuliko roho yake, ila kumsikiliza hakumsikiliza.

Siku moja Saumu alikuta gamba la nyoka nyuma ya mabunda. Akatoka nalo kwenye kijiti.

"Mama, leo chumba hiki nakisafisha chote."

"Gamba tu hilo. Mwenyewe keshakwenda zake."

"Na akirudi? Anayeingia humu kukuletea ukindu ni mimi, si wewe. Unataka unizike?"

Neno lile lilimchoma Bi Mize. "Haya, fanya utakavyo," alisema, akageuza uso.

Saumu alifanya kazi kutwa nzima. Alitoa kila kitu, akafagia mpaka pembeni, akaziba mashimo kwa udongo. Akarudisha vinavyotumika tu: ukindu mpya ukutani, sindano kwenye kopo moja, rangi kwenye rafu. Vingine vyote alivirundika nje karibu na migomba. Kwa kuwa vilikuwa na maji, havikushika moto. "Tuviache vikauke siku mbili tatu," alisema, "halafu tuvichome."

Bi Mize hakupata raha. Aliona kama mama yake amelazwa nje bila sitara. Kesho yake asubuhi, Saumu alipokwenda kisimani, alinyanyuka akajikokota mpaka migombani. "Nachukua mkeka wa mama tu," alijiambia. Akapapasa mpaka akaupata ule mkeka, umekunjwa mnene. Aliukumbatia kifuani, akahisi uzito wake umezidi kidogo, akadhani ni umande. Akauingiza chumbani, akauficha nyuma ya mlango, akaufunika gunia.

Jamani! Swila alikuwa ameshahamia humo.

Alasiri Saumu aliingia kumchukulia mama yake ukindu. Zamani alikuwa akigonga mlango kwa fimbo kuwatisha nyoka kabla ya kuingia. Siku ile hakugonga, maana chumba alikisafisha kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo panaponiuma mimi.

"Mama! Nimeumwa!"

Watu walikuja mbio. Nyoka akauawa, Saumu akabebwa kwenye kitanda kupelekwa hospitali. Njiani, ulimi ukimwia mzito, alikuwa akiuliza, "Mama, si tulitoa kila kitu? Kaingiaje?" Bi Mize alimshika mkono tu. Hawakufika hata barabarani. Saumu akakata roho bila kujibiwa.

Matangani, wasusi wenzake walikaa kumliwaza Bi Mize. Jirani yake, Bi Tatu, akasema, "Ni amri ya Mungu, dada. Chumba chenyewe kilikuwa kisafi, kila mtu alikiona. Nyoka yule aliandikiwa Saumu." Wengine wakaitikia. Bi Mize angeweza kunyamaza, na siri ikafa naye. Akauondoa ushungi usoni.

"Msimsingizie Mungu," alisema. "Nyoka nilimwingiza mimi, nimemkumbatia kifuani. Saumu alivitoa vyote, nami nikarudisha mkeka wa mama yangu. Nilidhani lile lundo linawahifadhi wafu wangu tu. Kumbe lundo halichagui mpangaji."

 Wanawake wale walirudi makwao, na kabla ya magharibi moshi wa malundo ulikuwa ukifuka nyuma ya kila nyumba. Mwiko wa wasusi uliisha siku hiyo. Bi Mize hakusuka tena. Aliyekwenda kumjulia hali alimkuta amekaa katika chumba kitupu, na hata bila kuulizwa neno, alisema lile lile: lundo halichagui mpangaji.