Wenyeji wa Ndani ya Jiwe

Sogeeni karibu, ngano inaanza.

Aikande na kaka yake Ndesario walipotea kwenye jangwa la baridi, juu mlimani, wakaishiwa maji. Jiwe moja likanong'ona, "Tunaishi humu ndani. Theluji ikiyeyuka, matone hupenya tukanywa. Lambeni theluji iliyo juu yetu, ila msitupasue."

Aikande akalamba, akapata nguvu.

"Ndani yamo maji mengi zaidi!" alisema Ndesario. Akaligonga jiwe, likalia. Akaligonga tena, likamsihi. Mara ya tatu likapasuka. Ndani mlikuwa na utando wa kijani wenye unyevu kidogo tu. Akaulamba wote.

"Kaka, twende."

Sauti nyingi zikajibu kooni mwa Ndesario: "Hatuendi. Tunasubiri theluji."

Aikande alishuka peke yake, akilia. Ndesario alibaki ameketi, kinywa wazi, akiyatazama mawingu.